Kaburi la Mama, Kabla ya Kengele ya Pili

Jumapili, 10 Agosti. Valence

Nimefika. Siku mbili kutoka kwangu Roubaix, kaskazini, kwa barabara za bure, maana zile kubwa wanatoza kila ukipiga chafya. Mkate, sardini, nyanya zilizochemka garini. Mgongo umekufa ganzi.

Régis alinifungulia mlango amevaa kaptura, akaniambia nimenenepa. Kaka yangu wa pekee. Miaka sitini na minne, na bado anajiona ndiye bwana harusi wa kila sherehe.

Jambo lenyewe ni moja, naliandika ili nisilisahau nikikasirika. Kaburi la Mama ni la kupanga, kama mengine yote kijijini kwetu Saint-Vérin. Miaka yake kumi na mitano iliisha mwaka juzi. Barua zilikwenda kwa Régis, kwa kuwa jina kwenye karatasi ni lake. Tatu! Hakujibu hata moja. Wiki iliyopita katibu wa ofisi ya meya akanitafuta mimi, namba yangu kaipata sijui wapi. Mwisho wa kuongeza muda ni Alhamisi, tarehe 14. Baada ya sikukuu ya Bikira Maria mafundi wanaingia na Mama anahamishiwa kwenye shimo la mifupa ya wote. Na lazima Régis asaini kwa mkono wake.

Kwa hiyo nimekuja kumchukua, kama kifurushi. Ofisi hufunguliwa Jumanne na Alhamisi asubuhi tu. Nataka tufike Jumanne.

Jumatatu, 11 Agosti. Karibu na Pont-Saint-Esprit

Tumeondoka saa nane mchana. Nilikuwa tayari tangu saa moja asubuhi! Kwanza kahawa, kisha soksi hazionekani, kisha ikawa saa sita. Na ikishafika saa sita Régis hasafiri, anakula. Mezani, na kitambaa kifuani. Nilimwambia mkate upo garini. Aliniangalia kana kwamba nimemtukania dini.

Montélimar, foleni. Akataka nougat, ile peremende ya asali na lozi. Nougat, kwenye joto la nyuzi thelathini na nane. Imeyeyukia kwenye kiti changu.

Injini ilichemka jioni. Tukakaa kando ya barabara, boneti juu, malori yanatupulizia vumbi. Ili kupitisha wakati nikamuuliza habari za makaburini. Kila tarehe mosi Novemba, siku ya Watakatifu Wote, nampigia simu, na kila mwaka ananiambia ametoka kumpelekea Mama maua ya krisanthemu.

"Za njano," akasema leo tena. "Kubwa hivi. Mwaka jana upepo uliangusha chungu, nikakiegemeza ukutani."

Moyo ukalainika. Nimemwachia godoro la nyuma, mimi nalala kwenye kiti chenye nougat.

Jumanne, 12 Agosti. Mto Gardon

Ofisi ilikuwa wazi leo. Sisi tulikuwa mtoni.

Aliamka ameshavaa nguo ya kuogelea. Eti Alhamisi nayo ni siku. Eti ni lini tena tutasafiri wawili. Akaelea tumbo juu, Waholanzi wanampungia mkono. Mimi nilikaa kwenye jiwe na viatu vyangu.

Jumatano, 13 Agosti. Pézenas

Nyenje wanapiga kelele tangu alfajiri. Mizabibu kulia, mizabibu kushoto. Kumebaki mwendo wa saa moja tu, na Régis kaona wazee wanacheza mchezo wa kurusha vitufe vya chuma uwanjani, basi akashuka kuuliza kama wanahitaji mtu. Saa tatu nzima! Akawa anapigiwa makofi.

Nilimfuata na funguo mkononi.

"Wewe Ghislaine, haraka yote ya nini? Mama hakimbii."

"Anakimbizwa," nikamwambia. "Na anayemkimbiza ni wewe."

Wale wazee wakageuka kutuangalia. Mmoja akasema huyo lazima ni mkewe. Hapana, akajibu Régis, mke ningemwacha.

Walicheka wote. Tumekula tikiti, kila mtu upande wake wa gari.

Alhamisi, 14 Agosti. Saint-Vérin

Naandika kwenye ngazi za ofisi ya meya. Saa tano na dakika hamsini.

Tulifika saa tatu. Nilitaka ofisini moja kwa moja, Régis akasema twende kwanza kwa Mama. Nilifurahi, mjinga mimi. Akatangulia, mikono nyuma, kama mwenye mji wake. Akapita lango, akakata kushoto, safu ya tatu, akasimama. Kaburi la watu wengine.

"Wamebadilisha," akasema.

Wamebadilisha nini? Akaenda safu ya nne. Akaenda ya tano. Nikaacha kumfuata.

Kulikuwa na bibi mmoja anamwagilia maua. Akauliza tunamtafuta nani. Nikamwambia, Delrieu.

"Delrieu? Si yule wa kule ukutani, mwenye tangazo? Jamani. Sisi tulijua ukoo huo umekwisha."

Ukoo wenyewe ulikuwa umesimama mbele yake, mmoja na nougat mfukoni.

Tangazo la muda kwisha liko ndani ya plastiki, herufi zimeliwa na jua la misimu miwili. Mtu yeyote aliyekuja Novemba angeliona. Majani yanafika magotini. Hakuna chungu, wala alama ya chungu.

"Umekuja mara ngapi?"

"Siku ya mazishi."

"Na krisanthemu za njano?"

"Ulikuwa unapenda kuzisikia."

Kasema hivyo tu, bila aibu. Kisha akaendelea, taratibu, na hilo ndilo linaloniuma: "Miaka sita nilimwogesha, Ghislaine. Nilimlisha kwa kijiko. Wewe ulituma kadi. Mimi nilimtembelea alipokuwa bado anajua nani kaja. Na hili jiwe sina kazi nalo."

Nilikuwa na hasira, nikammwagia yote, mpaka yule bibi akafunga bomba ili asikie vizuri. Mwongo, mvivu, mtoto asiye na haya! Miaka kumi na saba, kila Novemba, nimepiga simu hiyo, nikakata simu roho ikiwa nyeupe.

Na mimi nimekuja mara ngapi? Mara mbili. Mazishini, na 2011, nikiwa napita kwenda Uhispania. Roubaix ni mbali, ndivyo nilivyokuwa nasema.

Ofisini Madame Puech, katibu, alikuwa ameshaandaa karatasi. Régis akazisoma zote, yeye asiyesoma hata barua. Akauliza kama haki hiyo inaweza kuhamishwa. Inaweza, kwa ndugu.

"Basi mwandike dada yangu. Ndiye anayempenda Mama."

Akasaini kunipa. Akaangalia saa ya ukutani, akatoka kwenda mgahawani.

Madame Puech akanigeuzia karatasi. "Na wewe hapa, mama. Ukishasaini, matunzo ni juu yako. Majani, jiwe, na barua zetu zitakuja kwako. Miaka kumi na mitano."

Nikashika kalamu. Ndiyo niliyoijia, siku sita barabarani, kalamu hii. Nikaiona Novemba ya Roubaix, mvua, kilomita elfu moja, magoti yangu, gari hili. Muda huo ukiisha nitakuwa na miaka sabini na minne. Na nikishindwa mwaka mmoja, na wa pili? Nani atanipigia simu tarehe mosi, na mimi nitamwambia maua ya rangi gani?

Nikaiweka kalamu chini. Nikamwambia naomba kupunga hewa kidogo.

Kengele ya kanisa imepiga saa sita. Huku hupiga mara mbili, ya pili baada ya dakika mbili, kwa waliokuwa shambani wakakosa kuhesabu ya kwanza. Mama alikuwa akitoa chakula motoni kwenye ya kwanza na kutuita kwenye ya pili.

Madame Puech amechungulia, funguo mkononi. "Mama, mimi nafunga kwenye ya pili. Kesho sikukuu, Jumatatu ni mafundi." Kasema kwa upole. Afadhali angefoka.

Ng'ambo ya uwanja Régis ameshavaa kitambaa chake. Amenivutia kiti.

Karatasi ipo mezani, naiona kutoka hapa. Hatua sita. Nimezihesabu, na bado naandika.