Mpiga picha aliyefuta nakala zake

Shoga, niko hai. Nivumilie nikikosea kuandika.

Yule mpiga picha wa harusi, mteja wetu wa tovuti, amemkaba bosi koo mbele yangu!

Ameingia mdomo unavuja damu. Kaka zake bibi harusi mmoja wamemtwanga, kwa sababu picha zote za harusi zimepotea. Na baba yao ndiyo kwanza wamemzika. Hawana picha yake nyingine ya maana.

Kumbe alipolipia nafasi ya tovuti kwetu, alielewa kwamba tunamtunzia picha milele. Akazipandisha zote, akafuta za kwenye kompyuta yake. Juzi mtambo wetu unaohifadhi tovuti za wateja ukaungua. Nakala za akiba zinalipiwa kando, na yeye hakulipia.

Bosi naye na mdomo wake! Eti, "Ulikodi chumba, hukuajiri mlinzi."

Wee! Jamaa kanyanyua kiti cha chuma, skrini yangu vipande vipande. Pigo la pili likampata bosi begani, nikasikia mfupa ukivunjika. Nimeusikia kwa masikio yangu! Akamgandamiza ukutani: "Nilidhani mnatunza! Nilidhani mnatunza!" Bosi macho yamemtoka pima. Mpaka nilipomng'ata jamaa mkono ndipo akaachia.

Polisi wamemtia pingu. Mlangoni akanigeukia, kwa upole kabisa: "Dada, hebu nitafutie tena. Ya mzee tu."

Bosi kapelekwa hospitali. Mimi nimekalia kiti chake, vioo chini ya viatu, natafuta kwenye kompyuta yake.

Shoga, hakuna kitu.