Jina la Mama Huko Mpui

Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, na hii baridi yetu ambayo Baba, miaka yote aliyokaa Sumbawanga, bado anailalamikia kana kwamba imeingia jana. Viganja vyangu vimejaa malengelenge. Kushika kalamu ni mateso, lakini leo lazima niandike.

Uhuru ni mwezi ujao. Juzi karani wa boma alikuja dukani kununua sukari, Baba akamuuliza sisi tutahesabiwa watu wa nchi gani. Karani akatueleza bila haraka. Mimi nimezaliwa hapa. Kama na mzazi wangu mmoja kazaliwa hapa, basi nitakuwa raia siku hiyohiyo, bila kuomba. Baba ni mzaliwa wa Maskati. Yeye itabidi aombe, aukane uraia wa kwao, na watu wa hapa wanaomjua wamsemee kwamba ana tabia njema.

"Na wewe binti," karani akamalizia huku anacheka, "njia fupi ni kuolewa na raia."

Njia fupi! Baba alivyotabasamu tu nikajua anamfikiria yule mtoto wa rafiki yake wa Tabora. Nikasema hapana, mama yangu ni Mfipa wa Mpui, hiyo inanitosha. Karani akasema sawa, ila kwa kuwa Mama ni marehemu, nimpeleke bomani mtu wa Mpui anayejua alikozaliwa.

Ndiyo maana leo asubuhi nilidandia lori.

Hatujakanyaga Mpui tangu Mama afariki. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Ndugu zake walikuja msibani kwa miguu, wamejitwika unga wa ulezi, Baba akawakalisha bandani nyuma ya nyumba pamoja na magunia ya chumvi. Sebuleni kulikuwa na wageni wake. Walizika, wakaondoka, na sisi tukanyamaza.

Bibi nilimkuta shambani na Mjomba, wanabomoa ntumba, yale matuta ya mviringo yaliyofukiwa majani tangu masika yakaoza, ili wapande. Pale kwao mtoto wa kike hupiga magoti kwanza, akapiga makofi taratibu, ndipo azungumze. Mimi nilisimama wima, nikatoa shikamoo ya dukani, nikamwaga shida yangu palepale kama mteja mwenye haraka.

Bibi hakukasirika. Aliuliza tu, "Unataka nikaseme nilimzaa nani?"

"Mama yangu, Bibi. Salama."

"Salama mimi simjui. Huyo alizaliwa dukani kwenu, siku ya ndoa. Mimi nilimzaa Yustina."

Yustina.

Nilikaa chini kwenye tope na gauni langu zuri. Nimekwenda kumdai mama yangu, na jina lake silijui! Nililia, tena kwa sauti, na sioni haya kuliandika hilo.

Mjomba akanipa jembe. Jembe lenyewe lilinunuliwa kwetu. Majembe tunayauza kila siku, wala hatujui yanavyochuna ngozi. Tulibomoa ntumba za shamba alilolima Mama kabla hajaolewa, mpaka Mjomba akanionea huruma akaniletea togwa.

Wakati wa kuaga nilipiga magoti. Bibi akanishika kichwa. "Bomani nitakwenda, mjukuu wangu. Lakini baba yako aje kwanza, hapahapa shambani, aniambie kwa mdomo wake kwa nini nilikalishwa na magunia siku ya kumzika mwanangu. Asipokuja, na mimi siendi."

Jioni nilimweleza Baba yote, bila kupunguza. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Kuolewa nako si vibaya."

Damu ikanipanda. "Na wewe, Baba, utaolewa na nani?"

Sijawahi kumjibu hivyo maishani. Lakini ni kweli. Nani atamsemea? Wenzake wa madukani wote wanahangaika na maombi yao wenyewe. Mtu wa hapa anayemjua tangu siku alipoingia akiwa kijana asiye na hata kiti, ni Bibi. Kwa hiyo njia yangu na njia yake zote mbili zinapita kwenye shamba lile, apende asipende. Hilo nalo nilimwambia.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaifuta tena. Nilidhani atanifukuza mbele yake.

"Kutoka barabarani hadi shambani ni mbali?" akauliza.

Nikasema si mbali.

Akaenda kulala. Sijui ataamkaje. Mimi nitaondoka na lori la asubuhi, awepo asiwepo, na nitamrudia Bibi hata kama ni kila juma mpaka mvua ziishe. Kwa ndoa siendi kokote. Nitaingia kwa mlango wa Yustina.

Nimechukua majembe mawili dukani, nimeyaegemeza mlangoni. La Baba nimelichagulia mpini laini.