Nilikwenda Kusalimia Tu

Dodoma, Jumatano

Mama, shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla Zuhura hajamaliza kukusomea mstari huu. Mguu unaendeleaje? Na mikorosho ya hapo Milola, imeanza kutoa maua? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Kichwa ndicho kilichonishinda.

Mama, nimekwama. Tangu nihamie chuo hiki kutoka kile cha huko pwani, utafiti wangu kuhusu mbegu za mtama unazotundika juu ya meko haujasogea. Msimamizi wangu alinirudishia karatasi: "Haya ni maneno ya mama yako. Walioandika kabla yako wako wapi?" Nitawatoa wapi mimi? Maktaba ya hapa ni ghorofa tatu, na nusu ya maandishi yamo kwenye kompyuta. Namba yangu ya chuo cha zamani haiyafungui.

Sasa sikia nilivyojiponza. Sisi tuliohamia, kila mmoja hupewa mkutubi wa kumsaidia kutafuta maandishi ya utafiti wake. Wangu ni mzee mmoja mpole, Mzee Mashaka. Nikaenda kama ulivyotulea: kwa mkubwa, siku ya kwanza unasalimia tu, shida unaipeleka siku ya pili. Nikampa shikamoo, nikamuulizia watoto, nikamuulizia na wajukuu. Akasema, "Haya kijana, nikusaidie nini?" Nikajibu, "Hapana mzee, nimekuja kukusalimia tu." Akafurahi huyo! Kisha akaandika kitu kwenye daftari lake.

Wiki iliyofuata nikarudi na shida yangu. Akafungua daftari, na mbele ya jina langu pameandikwa: Hana shida. Nafasi yangu kapewa mwingine.

"Mwanangu, si nilikuuliza?" akasema, na alisikitika kweli. Kaniweka mwisho wa foleni, lakini kazi inatakiwa Ijumaa hii. Nisipoikabidhi, narudia mwaka. Siku ya tatu leo nabonyeza kompyuta peke yangu, inaniletea mtama wa nchi nisizozijua. Jana nimelia, Mama, mtu mzima na ndevu zangu.

Na wewe nimekufanyia yaleyale. Jumapili nilipopiga simu nikauliza mguu, nikauliza mvua, ukaniambia, "Sele, una jambo wewe." Nikasema, "Hapana Mama, nakusalimia tu."

Nisalimie mjomba Bakari aliyenibebea sanduku mpaka stendi, na shangazi wa Rasbura, mwambie kisamvu chake nakiota. Zuhura mdogo wangu, msomee Mama yote, usiruke neno.

Barua hii ikifika, Ijumaa itakuwa imeshapita, na sijui itakuwa imenikuta wapi. Lakini hii ndiyo siku yangu ya pili kwako, Mama. Nina shida. Nataka kurudi nyumbani.

Mwanao,
Selemani