Diski za Salma Katika Kasha Langu

Jumatano, Mfunguo Tano, 1996

Na bado nasema diski za Salma zingependeza zaidi juu ya redio.

Mwanangu huyo, msomi wa chuo kikuu, kaja leo na vipimo vyake vya maji ya visima vya Mji wa Kale, vyote ndani ya diski. Nakala moja iko chuoni, ya pili anayo mwenyewe, ya tatu alikuwa hajui aiweke wapi. Nilikuwa na wasiwasi asije akampa mwenziwe wa Nairobi. Kwani nyumba iliyomlea haitoshi?

Nikaziwahi, nikazipanga juu ya redio kando ya picha yake, kila mgeni azione.

"Mama! Spika ina sumaku, itafuta kazi yangu yote!"

"Basi wataka niziweke wapi, profesa wangu?"

Akazunguka nyumba nzima. Jikoni moshi, dirishani unyevu wa bahari. Mwisho akasimama mbele ya kasha langu la harusi. "Hapa, mama. Sina mahali pengine ninapopaamini hivi."

Nilipolifungua, harufu ya udi ikatupokea. Sare yake ya darasa la kwanza, na kofia ya marehemu baba yake, aliyekuwa akimbeba mabegani hadi Marikiti na kumwita daktari kabla hajajua hata kusoma. Kisha Salma akazifunga diski kwa leso, akazilaza ndani ya kofia ile.

Sasa hazionekani. Bi Zuhura jirani akija, itabidi nimsimulie kwa mdomo, tangu mwanzo. Namhurumia.