Nyumba Uliyoiziba, Kaka

Kaka Salum,

Salamu zako nimezipata kwa yule mkata mikoko uliyemtuma kutoka huko visiwani Maparoni. Tuliobaki tu wazima. Umeagiza nisibomoe chochote nyumbani mpaka vita viishe. Agizo hilo limenichosha.

Unakumbuka Baba alipoijenga nyumba hii ya Mtunda? Sisi wawili tulimkanyagia udongo, ukateleza ukaanguka, nikacheka mpaka akanifukuza. Aliacha uwazi kati ya ukuta na paa, moshi upate pa kutokea.

Kisha askari wa Mdachi wakaanza kuchoma vijiji na kubeba mpunga. Ukasema moshi utatuchongea. Ukaziba uwazi wote, na dirisha la uani ukalikandika. Tukawa watu saba ndani, mlango umefungwa mchana kutwa, mafiga yanawaka humohumo. Kuta zikatoka jasho. Mama akakohoa. Kichwa kikaniuma. Mwanangu Zaituni, wa miezi minane, kifua kikaanza kulia.

Nilikuambia, "Kaka, humu hewa imekufa. Niache nitoboe japo tundu la ngumi."

Ukanijibu, "Afadhali kukohoa kuliko kuchomwa."

Nilitoboa kwa mchi, karibu na kitanda. Siku hiyo Zaituni alilala vizuri. Kesho yake ukaliona tundu, ukaliziba kimya kimya, na mchi ukaondoka nao.

Siku ya nne tangu ulizibe, mtoto akafariki, asubuhi, mikononi mwangu. Ulichimba kaburi unalia, nilikuona. Lakini ulimwambia Mama kwamba vita ndivyo vilivyomchukua. Kaka, askari hawakufika kwetu, hata mmoja. Siku ya mtu huipanga Mungu, najua. Na pumzi pia ni yake, nasi tuliifungia nje.

Ulipokwenda kujificha visiwani nilishika jembe nikabomoa. Uwazi umerudi, dirisha la uani lina fito tu, upepo unapita. Tunapikia nje kwa kuni kavu, moshi wake hauonekani hata kwa jirani. Mama hakohoi tena. Kuni kavu, kaka. Mbona hatukukaa tukafikiri hata siku moja?

Rudi, Mama anakuulizia. Chakula utakuta, na kitanda chako kipo. Ila usitarajie nikupokee kwa kicheko. Nimejaribu kukusamehe, bado sijaweza, na sitaki kukudanganya.

Ni mimi dada yako,
mama yake Zaituni