Si Mtoto wa Jicho

Malindi,
9 Septemba 1985

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijauliza hali, nikueleze alilofanya mjukuu wako Nana sasa hivi. Ameokota kitambaa changu cha jicho, amejibandika, anazunguka ukumbini akigonga kuta, ati yeye ndiye Mama! Nimecheka mpaka machozi. Hujambo lakini? Mgongo je? Sisi wazima, ila kuna jambo nimekuficha.

Kile kitu cha jicho langu la kulia kilikuwa kimefika kwenye mboni. Ulisema ni mtoto wa jicho, tumngoje akomae. Nikangoja, hata uso wa Nana nikawa nauona kama nyuma ya pazia. Mwezi uliopita nikaenda hospitali, nikamwambia Daktari Mumbua nimeleta mtoto. Akauliza yuko wapi, ana homa? Nilipomwonyesha jicho tulicheka sote wawili. Akaniweka kidevu kwenye chuma, akanimulika. Akasema huyu si mtoto. Mtoto wa jicho hukaa ndani, nyuma ya mboni. Hiki ni kinyama, kimeota juu kutoka pembe ya pua, kwa jua na upepo wa kule kwenye mashamba ya chumvi tulikokuwa tukifanya kazi mimi na wewe. Kukingoja ni kukilisha.

Akanidunga ganzi. Subhanallah, Mama! Niko macho, mkono wake nauona unakuja, mkasi nausikia, uchungu hapana. Kisha akanionyesha juu ya pamba: kadogo, kama ubawa wa kumbikumbi. Hicho ndicho kilichonizibia dunia! Sasa nazihesabu kope za Nana. Daktari ameniambia chaweza kurudi, nijikinge na jua.

Kaka Mahadhi, hapa msomee Mama polepole. Nisamehe, Mama. Nilimweleza daktari na jicho lako, lilivyoota kinyama vilevile penye pua, hata ukaacha kushona kofia. Akasema uje upesi akuangalie, kabla mboni haijafunikwa. Nimekuandikisha Alhamisi ya wiki ijayo bila idhini yako. Najua wasema jicho halitiwi kisu. Langu limetiwa, na barua hii nimeiandika mwenyewe. Njoo na ile kofia uliyoiacha nusu.

Msalimie Baba na majirani wote.

Ni mimi mwanao,
Harusi

Nimesahau: siku hiyo usipake wanja, daktari ataka jicho tupu. Nami nataka uzione kope za Nana, ni zako zile zile, ndefu, na Wifi Mastura ananiita, Nana amemkamata paka ampasue jicho, haya naja, Mama, ukishuka tu kituoni mtazame Nana machoni.