Zahabu Ndani ya Ute wa Yai

Dada Masika,

Nakusalimia wewe na samaki zote za Kyavinyonge. Baridi ya Butembo ilinipima, ikakimbia.

Ulinituma nirudishe binti yako Kavira, auze samaki na wewe, juu masomo yake ya chimie hapana leta kitu. Nilimukuta kwa labo, chumba chao cha kupimia dawa, na chupa ya maji ya rangi ya chai.

«Mujomba, iyi ni zahabu.»

Nikacheka mpaka madirisha ikatetemeka. «Mimi muchuuzi wa zahabu! Iyi ni chai.»

«Niliiyeyusha, nikaichanganya na ute wa yai, nikaiweka kwa joto. Sasa atome zake, vile vipande vidogo kabisa, zinashikana makumi mbili na kitu tu kwa kila kafungu. Zahabu ndogo vile hapana ng'aa njano. Lete taa yako ya zambarau, ya kupimia dola za uongo.»

Nikawasha, nikamulika chupa. Dada, ile chai ikawaka nyekundu sawa makaa! Mimi mwenye kunyamazisha simba, nikaruka nyuma.

Basi Kavira abaki na chimie yake, nitarudi peke yangu. Taa nimemuachia. Samaki tutauza mimi na wewe, wateja watatoka hata Oicha kuja kuniona.

Usinikasirikie, dada mupenzi. Uniwekee tilapia moja kubwa, na usiambie mutu kama nilikosa kujua zahabu.

Kaka yako, Paluku